Inveta ya mseto na betri ya uniti 5: uzoefu wangu Kilifi

Niseme mapema kwa anayetaka kuamua: mtambo huu wa sola ningeununua tena. Ila shilingi za kwanza zingeenda kwenye betri na kwa fundi anayejua kazi, paneli zikafuata. Wengi hapa pwani hufanya kinyume. Wanajaza bati lote paneli, halafu mchana wanazalisha umeme usio na pa kwenda.

Nilichonacho ni inveta ya mseto ya kilowati 5 (inveta ndiyo inayougeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani), paneli 8 za wati 450 kila moja, na betri ya lithiamu ya volti 51.2 inayobeba uniti 5 hivi. Nyumba ni ya kawaida, nje kidogo ya mji: friji, friza ya samaki ninaouza, pampu ya kisima, feni, televisheni, taa. Pamoja na kazi ya fundi nilitumia zaidi kidogo ya shilingi laki nne. Chapa sitaitaja, kwa sababu ninachopima hapa ni aina ya mtambo, na inveta nyingi za namna hii zilizoko sokoni zina menyu zinazofanana sana.

Mseto maana yake haujakatana na stima. Inveta inapokea jua, betri na laini ya mtaani kwa pamoja, na kila dakika inaamua nyumba itumie kipi. Tofauti yake na inveta ya gridi tupu, yaani ya paneli na stima bila betri, ni kubwa, na wauzaji wengi hawaisemi. Ile ya gridi tupu stima ikipotea nayo inazima, hata kama jua linawaka. Haijaharibika. Imeundwa hivyo makusudi, isije ikampiga shoti fundi aliyepanda mlingoti akijua laini imekufa. Ya mseto nayo inajitenga na laini kwa kasi hiyo hiyo, lakini inaendelea kulisha nyumba kwa waya wake wa akiba. Kwangu feni haisiti. Najua stima imepotea kwa sababu mtaa umekuwa kimya. Usiku wa 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipokuwa gizani, nilikaa nikiisikiliza friza isiyonguruma na samaki wakiwa ndani. Baada ya usiku ule ndipo niliposema basi, nanunua.

Sasa ufungaji, maana hapa ndipo pesa hupotea. Aliyenifungia mara ya kwanza alimaliza kazi jioni, akanionyesha programu kwenye simu, akaenda zake. Siku zilizofuata tokeni zikaanza kuisha upesi kuliko kabla ya sola, na zilikuwa zikiisha mchana, jua la utosini. Skrini inaonyesha paneli zinatoa wati 2,400, na hapo hapo inasema tunanunua wati 1,900 kutoka nje. Ndani ni friza, friji na feni zinazozunguka, basi.

Nikamwita fundi mwingine, kijana mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, daraja la T3, ambalo ndilo la mitambo ya sola iliyoungana na gridi. Hata begi hakulifungua. Alisimama mbele ya skrini akasoma matumizi ya nyumba: wati 4,300.

"Mama, kuna jiko la umeme hapa?"

Nikamwambia tunapikia gesi.

"Basi humu ndani hakuna kitu cha kula wati elfu nne." Akaenda moja kwa moja kwenye boksi la mita.

Kuna kibanio kidogo cheusi kinachoshika waya mkuu unaotoka kwenye mita. Ndicho kinachoijulisha inveta kama umeme unaingia au unatoka, ili isisukume ziada nje. Ubavuni kina mshale. Wa kwangu ulikuwa umeelekezwa upande usio wake, hivyo kila inveta iliposukuma umeme nje ilidhani tunanunua, ikazidi kusukuma. Sasa ongeza na hili: mita ya tokeni ya kawaida ni ya kuhesabu upande mmoja. Baadhi zikikutana na umeme unaorudi, zinauhesabu kama umetumika. Nyingine zinajifunga zikidhani zimechezewa. Yangu ilikuwa inahesabu. Nilikuwa nikilipia umeme niliokuwa nikiutoa bure. Fundi alikifungua kibanio, akakigeuza, kikalia tak, na kwenye skrini ile 1,900 ikaporomoka hadi karibu na sifuri mbele ya macho yangu. Matumizi ya nyumba yakasoma 500.

Baada ya hapo mtambo ulianza kunionyesha uzuri wake, na ninachokipenda kuliko vyote ni menyu ya saa. Asubuhi jua linajaza betri. Saa sita hadi saa tisa naiachia pampu ijaze tangi na friza ipoe kabisa. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni nyumba inakula betri hadi saa nne usiku, au mpaka ibaki asilimia 30, ambayo siigusi. Hiyo ni ya stima ikipotea. Baada ya saa nne tunarudi kwenye gridi.

Saa hizo sikuzibuni tu. Jioni ndiyo saa ngumu ya mtandao wetu: jua limezama, watu wamerudi nyumbani, pasi na taa na televisheni zote zinawashwa pamoja. Usiku wa manane mambo hubadilika. Visima vya mvuke vya Olkaria havilali, ile mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana yenye megawati 310 inazunguka, na matumizi yako chini kiasi kwamba mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Kuchukua umeme saa saba usiku hakumwumizi mtu. Kuuchukua saa mbili usiku kunaulemea mtandao wote. Viwanda vimepewa tangu Desemba 2017 punguzo la nusu bei kwa matumizi yao ya ziada ya saa za usiku. Sisi wa nyumbani bei yetu ni moja saa zote, kwa hiyo kuikwepa jioni hakunipi hata senti. Naikwepa hata hivyo, kwa sababu programu ya simu inanionyesha volti za laini na nimeona kinachotokea. Kwetu ni mwisho wa laini. Jioni nimeshakuta volti 205 mahali pa 240. Nyumba ikihamia kwenye betri zinapanda, volti moja, mbili. Hiyo ni nyumba moja. Nyumba zote za transfoma hii zingefanya vile, jirani yangu mshona nguo asingelalamika cherehani yake inakosa nguvu.

Na mchana ni kinyume chake. Kila mtu akisukuma ziada yake kwenye laini moja, volti zinapanda kupita kiasi na inveta zinaanza kujizima zenyewe. Ndiyo maana mipangilio iliyojificha ndani ya inveta ni jambo la mtaa mzima, si la mwenye nyumba peke yake. Ujerumani walijifunza hili kwa gharama. Inveta zao za zamani zilikuwa zimepangwa zizime zote kwa pamoja mzunguko wa gridi ukifika hezi 50.2, juu kidogo ya 50 za kawaida. Paneli zilipokuwa chache halikuwa neno. Zilipofika magigawati, ikawa hatari ya kupoteza umeme mwingi kwa nukta moja, na kuanzia 2012 ikabidi mitambo kwa maelfu irekebishwe. Za sasa hupunguza pole pole. Fundi wangu alinionyesha mpangilio huo kwenye menyu, nami nikaupiga picha.

Kasoro za mtambo zipo. Programu ya simu inategemea Wi-Fi, na taarifa zinapitia kwenye seva za mbali, hivyo unachokiona kwenye simu kimechelewa kwa dakika kadhaa. Ukitaka ukweli wa sasa hivi, tazama skrini ya inveta yenyewe. Feni ya inveta ina kelele joto likipanda, usiifunge chumba cha kulala. Lakini kasoro inayoniuma zaidi haiko kwenye mashine. Anayesimamia gridi haoni kilicho kwenye paa zetu. Kwake yeye, paa langu ni matumizi yaliyotoweka ghafla saa nne asubuhi na kurudi ghafla wingu likipita. Betri yangu ingeweza kumsaidia jioni, na hana njia ya kuiomba.

Kuhusu kuuza ziada: Sheria ya Kawi ya 2019 iliruhusu mwenye sola isiyozidi megawati 1 abadilishane umeme na mtandao kwa mita ya pande mbili, na kanuni zake zikatoka 2024. Hesabu ni nusu kwa nusu: ukipeleka uniti 10, unarudishiwa 5. Nimesikia watu wakiita huo wizi, nami sikubaliani nao. Nyaya na transfoma zina gharama, na uniti ya mchana, wakati kila paa linatoa, haina thamani kubwa kwa mnunuzi. Ninachokipinga ni kwamba uniti ya saa mbili usiku nayo inahesabiwa nusu ile ile. Hizo mbili si bidhaa moja. Hawaii walifunga mpango wao wa zamani wa uniti kwa uniti Oktoba 2015, laini zilipolemewa na sola za mchana. Kisha kisiwani Oahu, kuanzia 2021, wenye betri wakalipwa ili watoe umeme kwa muda wa saa mbili kila jioni, kujiandaa na kufungwa kwa mtambo wa makaa ya mawe, ambao ulifungwa kweli Septemba 2022. Betri za nyumbani zilikuwa sehemu ya kilichoziba pengo. Sisi tuna jua na mvuke kuwashinda. Bei ya jioni ikitofautishwa na ya mchana, wenye friza kama mimi tutanunua betri ya pili bila kubembelezwa.

Kwa sasa, kwa bei hizi, usinunue kwa tamaa ya kuuza. Nunua kwa ajili ya kutumia mwenyewe, na chagua betri inayoweza kuongezewa nyingine baadaye. Fundi akimaliza, mwambie akuonyeshe leseni, akuonyeshe mshale wa kibanio, kisha azime swichi kuu ya stima ukiwa umesimama hapo hapo, uone taa zinabaki. Halafu awashe pasi mchana, mtazame wote wawili kwenye skrini kama namba ya nje inakaa karibu na sifuri. Malipo ya mwisho mpe baada ya hapo.