"Bi mkubwa akae kwenye benchi": wakala aliyetupangia siku tatu za Budapest

Naanza na maneno yenyewe, maana ndiyo yaliyoninyima usingizi: "Wewe tiketi yako si iko sawa? Ingia, bi mkubwa akae hapo kwenye benchi, ni dakika 45 tu."

Aliyesema hivyo ni wakala wa safari niliyemlipa atupangie siku tatu za kutembea Budapest. Na huyo bi mkubwa ni mama yangu mzazi, mwenye miaka sabini na ushei, aliyetoka Tanga kuja kunitazama. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo. Simu nilikuwa nimeiweka spika, kwa sababu nilitaka asikie mwenyewe kwamba mambo yanashughulikiwa. Alisikia kila neno.

Niwaeleze mama ni nani, ndipo mtaelewa kwa nini nimeshindwa kuliacha jambo hili. Amefundisha jiografia zaidi ya miaka thelathini. Mito ya Ulaya alikuwa akiichora ubaoni kwa chaki bila kufungua kitabu. Danube anaujua kama anavyoujua Pangani: unatoka Msitu Mweusi huku Ujerumani, unamwaga Bahari Nyeusi, kilomita kama 2,850, na njiani unapita miji mikuu minne, Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade. Kauchora mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Kuuona hajawahi. Alipofika kwangu München nikamwuliza, mama, unataka nikupeleke wapi? Nilidhani atataja Paris. Akaniambia, "Nipeleke Budapest, mwanangu, nikaone mto unavyoukata mji katikati."

Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni ya zamu. Nafasi ya kukaa nikalinganisha hoteli na tiketi sina, ndiyo maana nikaona bora nimlipe mtu. Wakala huyu ni Mswahili mwenzetu, anajulikana huku, watu walimsifu. Nikamtumia picha za pasipoti zote mbili, yangu ya Ujerumani na ya mama ya Tanzania. Nikamwandikia waziwazi: mama ana viza ya Schengen ya matembezi, kila utakachokata kilingane na pasipoti yake. Akajibu kwa kidole gumba. Nikamwandikia pia kwamba kitu kimoja tu ndicho cha lazima, Bunge. Mengine yote apange apendavyo.

Kwa wasiojua, Bunge la Hungaria huwezi kujiingilia tu kama unaingia sokoni. Unaingia na kikundi, mwongozaji mbele, saa ile iliyoandikwa kwenye tiketi, na siku za wageni wengi nafasi huisha mapema. Bei ni mbili. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wana bei yao nafuu, wa kwingineko wana yao ya juu. Kinachotazamwa ni uraia, si mahali unapoishi, kwa hiyo hata mwenye kibali cha kukaa Ulaya miaka kumi asijidanganye. Haya si siri. Mtu anayefanya biashara ya safari anatakiwa ayajue kabla hata ya kufungua ofisi.

Tiketi zetu zilikuwa za saa nne na robo asubuhi. Mama aliamka alfajiri, akasali, akavaa gauni lake la zambarau na mtandio aliouweka kwa siku hiyo. Usiku nilikuwa nimemwonyesha kwenye simu picha ya lile taji takatifu la wafalme wa Hungaria, linalokaa humo Bungeni chini ya kuba, lenye msalaba uliopinda juu yake. Msalaba ule ulimshika moyo. Aliniuliza mara tatu kama kweli tutaliona kwa macho.

Mlangoni wakaomba pasipoti. Binti aliyepokea ya mama akaitazama, akatazama tiketi, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hii ni tiketi ya raia wa Ulaya, mama haimhusu. Nikasema nitaongeza hela. Akatafuta kwenye kompyuta: vikundi vyote vya siku hiyo vimejaa, na kesho yake vimejaa. Kesho kutwa ipo nafasi. Kesho kutwa asubuhi sisi tuko stesheni ya Keleti tunapanda treni kurudi. Yule binti simlaumu hata chembe, alifanya kazi yake na alituonea huruma.

Ndipo nikapiga simu. Ndipo nikaambiwa habari ya benchi.

Wala hakuomba radhi. Kosa la tiketi ningelimeza, binadamu hukosea, hata mimi hospitalini nimekosea. Lakini mtu aliyelelewa na Waswahili anawezaje kutamka hivyo? Bi mkubwa wangu mimi namwita mimi na ndugu zangu. Yeye alipaswa kusema mama, na baada ya kusema mama alipaswa kusema samahani. Mzazi atoke Tanga, apande ndege usiku kucha, afike mpaka mlangoni, halafu mwanawe aingie ndani akaone taji na yeye abaki nje na mkoba? Nilikata simu. Mkono ulikuwa unatetemeka.

Mama hakusema kitu. Akanishika kiwiko, tukatembea kando ya mto kuelekea kusini. Dakika chache tu tukavifikia vile viatu vya chuma, jozi 60, vimepangwa ukingoni kabisa mwa maji. Viliwekwa hapo mwaka 2005 kuwakumbuka Wayahudi waliopigwa risasi ukingoni pale na wanamgambo wa Arrow Cross, chama cha Wahungaria waliowaunga mkono Wanazi, majira ya baridi ya 1944 na 1945. Waliamriwa wavue viatu kwanza, kisha miili ikaangukia mtoni. Mama alikuwa hajui habari hiyo. Nilipomweleza akasema innalillahi, akasimama mbele ya kiatu kimoja kidogo, cha mtoto, muda mrefu. Mto aliouchora miaka yote ile, hilo halikuwemo ubaoni. Na kwenye ratiba ya wakala halikuwemo vilevile! Kaandika maduka ya zawadi matatu, kaandika mgahawa wa rafiki yake, lakini mahali hapa, mwendo wa dakika tano kutoka Bunge, hakuandika.

Sasa niseme na mema yake, nisije nikaonekana nina chuki. Hoteli aliyotutafutia ilikuwa safi, lifti inafanya kazi, kifungua kinywa hakina nguruwe kama nilivyoomba, na tramu namba 2, ile treni ya barabarani inayopita kando ya mto upande wa Pest, ilikuwa hatua chache tu. Mama aliipenda tramu ile kupita kiasi. Tuliipanda kwenda na kurudi mara nne, kiti cha dirishani, anahesabu madaraja. Daraja la Minyororo tulilivuka kwa miguu, polepole. Lilifunguliwa mwaka 1849, likalipuliwa na Wajerumani wakirudi nyuma mwaka 1945 pamoja na madaraja mengine yote ya mji, likafunguliwa upya 1949. Mama alisimama katikati akanionyesha, huku Buda, kule Pest, na mpaka 1873 hii ilikuwa miji mbalimbali. Sauti yake ya darasani ilirudi. Nilifurahi mno. Wakala alitushauri pia tusipange foleni ya kile kigari cha kamba kinachopanda kilimani, tuchukue basi namba 16 linalofika juu kulekule, na alikuwa sahihi, miguu ya mama ilipumzika. Hata treni ya chini ya ardhi, ile M1 ya mwaka 1896, alituandikia vizuri pa kuingilia.

Kwa hiyo jioni ile moyo ulikuwa umeanza kulegea. Nikawaza nimpe nyota tatu. Hoteli nzuri, usafiri mzuri, kosa moja. Hata nne, kama ataomba radhi.

Lakini siku ya pili tukapanda Ngome ya Wavuvi, kule juu Buda. Unasimama kwenye ukuta ule mweupe, mto wote uko chini yako, na ng'ambo, mbele ya uso kabisa, ni Bunge. Kuba lake ni la mita 96, makusudi, kwa ajili ya mwaka 896 ambao Wahungaria wanauhesabu kuwa ndio walioingia nchi ile. Huwezi kutazama pengine. Mama aliegemea ukuta akaliangalia, kisha akaniuliza taratibu, "Lile taji liko chini ya kuba lile pale, siyo?" Nikamjibu ndiyo, mama. Akaitikia kwa kichwa.

Nyota tatu zikafa palepale.

Tuliporudi München nilimwandikia ujumbe mrefu, bila matusi. Akanirudishia bei ya tiketi ya mama, ile ile ya bei nafuu, na maneno mawili: "Tumemalizana." Hakuna pole wala salamu kwa mzee. Tiketi yangu mimi, ambayo sikuitumia, akasema haimhusu kwa kuwa "ulikataa kuingia mwenyewe". Nilikataa, ndiyo, na kesho ningekataa tena.

Mama amesharudi Tanga. Juzi nilimwambia nataka kuandika na kumtaja mtu huyu kwa jina. Akanikataza. "Usimwagie mtu unga wake, mwanangu. Hoteli si ilikuwa nzuri?" Ilikuwa nzuri, mama. Jina nimeliacha kwa ajili yako. Nyota ni moja, na hiyo moja ni ya hoteli.

Akipata viza tena tutarudi. Tiketi nitakata mwenyewe, mapema, mbili, kila moja kwa pasipoti yake, kikundi cha asubuhi.