Begi la barafu kwenye kayaki: Mbeya lilinidanganya, Matema likasema kweli

Mwezi wa saba Mbeya, ukiacha ndoo ya maji nje usiku, asubuhi ukizamisha mkono unauma hadi mfupani. Sasa mimi, fundi friji wa miaka kumi na mitatu, nilichukua begi jipya la barafu, nikalijaza chupa sita za maji yaliyoganda, nikaliweka varandani kwangu, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, na kuanza kulihesabia siku. Siku ya kwanza barafu ipo. Siku ya pili ipo. Siku ya tatu asubuhi bado vipande vinagongana ndani ya chupa. Nikampigia simu jamaa yangu wa Dar aliyeniagizia, nikamwambia kaka, hili begi ni friji bila waya.

Varanda yenyewe ilikuwa na nyuzi joto tisa. Hata kwenye ndoo ya bati ile barafu ingekawia kuyeyuka. Mteja angeniletea friji, nikaijaribu kwa mtindo huo halafu nikamwambia imepona, angenidai hela yake mbele za watu, na angekuwa na haki.

Begi lenyewe ni la wavuvi wa kayaki, ule mtumbwi mwembamba mwepesi wa kasia. Nje turubai zito la plastiki, katikati sponji ya sentimita mbili hivi, ndani kitambaa cheupe kilichoungwa kwa moto badala ya kushonwa. Lina urefu wa sentimita 60, upana 35, kina 25. Lina zipu moja ndefu, mikanda minne ya kulifunga, na kizibo kidogo pembeni cha kutolea maji. Lebo ilisema barafu inakaa saa 48. Mpaka linafika stendi ya Mbeya kwa basi lilikuwa limenitoka shilingi 140,000.

Mtu ataniuliza kwa nini nisingechukua deli la kawaida. Nilianza na deli. Linatunza baridi kuliko begi, hilo sibishani na mtu. Lakini kayaki yangu ni ile ya kukaa juu, nyuma ina shimo la mizigo, na deli ukilisimamisha pale linakuwa kama abiria aliyekataa kukaa. Upepo unalisukuma, wimbi likija ubavuni chombo kizima kinayumba, na ukitaka kulifungua inabidi ujipinde na kuinua mfuniko mgumu kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kasia. Begi linalala chini. Hilo peke yake lilinifanya nilipe.

Safari ya kwanza ya kweli ilikuwa Novemba. Tulitoka Mbeya saa tisa usiku, kayaki juu ya gari, tukapita Uyole na ukungu wa Isyonje tumevaa makoti. Tukuyu makoti yakaanza kuvuliwa. Ukishateremka Kyela masikio yameziba na vioo vyote viko chini. Kutoka mita 1,700 na ushee mpaka Ziwa Nyasa kwenye 475 hivi ni kama kubadilisha nchi, na jua lilikuwa halijatoka. Matema tulifika saa moja asubuhi. Ziwa limetulia, Milima ya Livingstone imezamisha miguu majini, vijana wa dagaa wanashusha taa zao baada ya kukesha. Nilichovya kipimajoto changu cha kazini, kile chenye sindano: nyuzi 27. Juu kabisa ya maji, asubuhi.

Siku hiyo nilipata mbasa wawili kwa chambo bandia cha umbo la kijiko nilichokuwa nakiburuta nyuma, na perege watano kwa nyungunyungu karibu na mawe. Kwa mtu wa milimani ni siku ya kupiga picha. Chupa zangu sita zilikuwa chini ya begi zimepangana vizuri. Na kwa kuwa sikutaka kufungua zipu kila mara baridi isitoke, kila niliyemvua nilimwacha miguuni pangu mpaka wafike wawili watatu, ndipo niwaingize wote kwa mkupuo. Nilijiona mjanja sana.

Saa saba nikatoka majini. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akasogea kuangalia. Nilimsalimia, shikamoo baba, akaitika, akachagua mbasa mkubwa, akamgusa tumboni kwa kidole gumba. Kidole kikazama, na shimo likabaki.

"Mwanangu," akasema, "hawa umewapika. Umebakiza chumvi tu."

Macho yalikuwa yameingia ukungu, mashavu yamegeuka rangi ya matofali. Nikachomeka sindano kwenye mgongo wa mbasa: nyuzi 19. Samaki huyo alikuwa ameingia kwenye begi saa mbili zilizopita! Nikainua wale wa juu nikaona kosa langu kama ninavyoliona kwenye friza za wenye bucha. Baridi iko chini, mali iko juu, katikati hewa. Chupa ni mviringo na samaki ni mviringo, vinagusana mahali padogo mno. Hewa haichukui joto upesi. Halafu zile dakika za miguuni kwenye plastiki iliyopigwa jua ndizo zilizomaliza kazi.

Kuna hesabu wanayoitumia watu wa uhifadhi wa samaki ambayo kila mwenye kayaki anafaa kuijua. Ukichukua samaki aliye kwenye nyuzi sifuri kama kipimo, aliye kwenye nyuzi 10 anaharibika mara nne zaidi kwa kasi, na aliye kwenye nyuzi 25 mara kumi na mbili. Kwa hiyo saa mbili za joto la Kyela zinakula siku nzima ya barafu. Nilikuwa nalinda barafu na kupoteza samaki.

Mzee yule hana begi. Mtumbwini kwake ana gunia la katani na majani ya mgomba. Samaki anafunikwa, gunia linamwagiwa maji kila mara, upepo unalikausha na kuondoka na joto. Ni kanuni ileile ya mtungi wa maji ya kunywa, na inafanya kazi, ila haifiki mbali kwa sababu hewa ya kule ina unyevu mwingi. Kwake inatosha. Samaki wake anatoka mtumbwini anaingia sufuriani, mnunuzi amesimama ufukweni na beseni. Wangu ana zaidi ya kilomita mia mbele yake, na kupanda mlima juu.

Safari ya pili nikaenda kifundi. Siku mbili kabla niligandisha maji kwenye vifuko vya barafu, vile vya watoto, pamoja na chupa chache. Usiku wa kuondoka nikavitwanga vifuko ndani ya kiroba kwa mchi mpaka vikawa vipande vya ukubwa wa kiberiti. Barafu jumla kilo tisa. Halafu, na hapa najisifu kidogo, nikajaza dumu la lita tano maji ya bomba ya Mbeya na kuliacha nje usiku kucha. Sababu ni kwamba ukichota maji ya ziwa yenye nyuzi 27 ukayamwaga kwenye barafu, kila lita inakula karibu theluthi moja ya kilo ya barafu kabla samaki hajapoa hata kidogo. Maji ya Mbeya yanakuja yamekwisha poa, bure.

Nilipofika katikati ya maji nikamimina lita nne hivi ndani ya begi juu ya barafu iliyotwangwa, nikatia na konzi moja ya chumvi. Ikawa uji wa barafu. Samaki wa kwanza, perege wa nusu kilo na kidogo, nilimgonga kichwani kwa rungu fupi, nikamkata mashavu pande zote mbili, nikamwacha avuje damu kwenye ndoo yenye maji kwa dakika chache, kisha nikamzamisha mle. Uji unamfunika kila upande, mpaka kinywani. Baada ya dakika arobaini nikachoma sindano: nyuzi 4. Nikaiangalia mara mbili. Begi lilelile, barafu kiasi kilekile.

Kwa hiyo nikisoma mtu analaumu begi kwamba halipozi, namuuliza kwanza aliweka nini ndani. Kupoza kilo moja ya samaki kutoka joto la ziwa mpaka sifuri kunahitaji kama gramu 300 tu za barafu. Iliyobaki yote inapigana na jua na ufunguaji wako. Mimi sasa nabeba kilo ya barafu kwa kilo ya samaki ninaotegemea kupata, na begi nalifunika kwa taulo jeupe lililolowa. Kwa mpangilio huo, jua la Novemba, nimepata muda wa saa tisa mpaka kumi kabla uji haujawa maji matupu. Lebo ilisema 48. Labda walijaribia varandani kwangu.

Ile ndoo ya damu nina sababu nayo. Zamani nilikuwa nawatunga samaki kwenye kamba na kuwaburuta majini, kama wengi wanavyofanya. Juu maji ni ya moto, samaki akifa kwenye kamba anaanza kuoza hapohapo. Na ukisogea upande wa mdomo wa Mto Lufilyo, mamba wapo. Mtu aliyekaa sentimita chache juu ya maji hana haja ya kutangaza chakula. Damu naimwaga nikifika nchi kavu.

Sasa malalamiko, na ninayo.

Zipu. Mchanga wa Matema ni mwembamba, unaingia kwenye meno ya zipu na kukaa. Safari ya nne ilikwama katikati nikiwa majini na mbasa anapigapiga mapajani. Nililazimisha kwa nguvu, jino moja likang'oka. Sasa naipaka nta ya mshumaa kabla ya kila safari na kuisugua kwa mswaki wa zamani nikirudi. Kwa bei ile sikutarajia kazi hiyo.

Kizibo cha maji kinavuja tone tone ukiwa na uji wa barafu ndani. Kwenye kayaki hakina shida, ni maji kwa maji. Kwenye gari ni shida kubwa, muulize mwenye gari tuliyekwenda naye. Aliendesha wiki mbili na harufu ya perege chini ya kiti cha nyuma, na mpaka leo akiniona ananiuliza kama friji yangu isiyo na waya imepona.

Uzito nao usiuchukulie kirahisi. Barafu, maji na samaki vikijaa, nyuma ya kayaki kuna zaidi ya kilo ishirini, pua inanyanyuka, na upepo wa kusi ukianza, ule wavuvi wa pale wanauita mwera, unageuzwa kama jani. Mwera ukianza kuvuma natoka, samaki wapo au hawapo. Mikanda minne iliyokuja na begi niliiona myembamba, nikaongeza mipira miwili ya kufungia mizigo ya bodaboda.

Kuliosha ni rahisi, kulikausha Mbeya wakati wa baridi ni kazi. Kona za ndani ziliota ukungu mweusi nilipolifunga likiwa na unyevu. Sasa nalisugua kwa maji ya magadi na ndimu, nalitegemeza wazi kwa fimbo mbili, linakaa hivyo siku tatu.

Kitu kimoja kilichonifurahisha bila kutarajia ni njia ya kurudi. Kabla ya kuondoka ufukweni natoa matumbo yote, kwa sababu uozo unaanzia huko, namwaga uji wa zamani kupitia kizibo, naweka barafu iliyobaki ndani ya samaki, pale palipokuwa na matumbo, na juu yao, na zile chupa pembeni. Mpaka Tukuyu begi linafanya kazi. Kutoka Tukuyu kwenda juu hali ya hewa inalisaidia, na ukifika Isyonje ni kama umeliingiza kwenye friji kubwa zaidi.

Mama mkwe wangu anakaa Tukuyu, tunapita kumwachia wake. Mara ya kwanza, wale wa kidole kilichozama, alimpokea mbasa kwa mikono miwili, akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akampeleka jikoni, na baadaye mke wangu akaniambia aliliwa na paka. Mwezi uliopita alifungua begi mwenyewe barazani. Akainua shavu la samaki kwa kucha, ndani jekundu. Akambonyeza mgongoni, nyama ikarudi. Akauliza nimemnunua wapi.

Nikitoa nyota ni tatu na nusu kati ya tano. Nusu nyota imeliwa na lebo, moja na zipu na kizibo. Kama una kayaki na samaki wako anasafiri zaidi ya saa mbili, nunua, lakini hakikisha kwanza una friza ya kugandishia, kwa sababu mimi Matema sijawahi kukuta mtu wa kuniuzia kilo tisa za barafu alfajiri. Kama unavulia na kula palepale ufukweni, hela yako nunulia gunia la katani, ubaki na chenji ya kutosha.

Zipu nimempelekea fundi wa turubai Mwanjelwa, anataka kuiondoa kabisa na kuweka mfuniko wa kukunja wenye vifungo. Ameomba siku mbili. Leo ni ya tisa.