Mulondo wa Owino na chupa za usiku Kampala: uzoefu wangu

Ukivuka Mutukula ukafika Kampala na kuuliza dawa za mitishamba, utaelekezwa Owino, soko ambalo kwenye karatasi linaitwa St. Balikuddembe. Nami nakuelekeza hukohuko, ila nenda asubuhi, na usinunue kwa mtu ambaye hajakuuliza unaumwa nini.

Mimi ni wa Bukoba, kwa hiyo majani machungu si mageni kwangu. Kwetu homa ikianza mtu hunyweshwa mubirizi, na Waganda mti huohuo wanauita mululuza. Nilichokuwa nakitafuta ni mulondo, mmea unaotambaa ambao mzizi wake ndio dawa. Ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wanauita mukombero. Unatafuna gome la mzizi likiwa bichi: kwanza uchungu kidogo, halafu utamu, na harufu inayokaribia vanila. Watu huutumia kurudisha hamu ya kula na kutuliza tumbo, na wanaume wengi, tusizunguke, kwa ajili ya nguvu za kiume.

Mama aliyeniuzia alikuwa amepanga mizizi, magome na emumbwa, vile vijiti vya udongo uliochanganywa na dawa ambavyo wajawazito wa Buganda husugua kwenye maji wakanywa. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akaitikia.

"Ssebo, wewe iko na presha?"

Nikamwambia sina.

"Sukari? Dawa ya hospitali unakunywa?"

Nilipomaliza kujibu akavunja mzizi mmoja, akaninusisha. "Kama haina harufu, acha. Hiyo imekaa sana."

Fungu lilikuwa shilingi elfu mbili za Uganda. Nilitafuna jioni baada ya kula. Tumbo lililojaa gesi tangu safarini likatulia, njaa ikarudi. Kwa hayo mengine, sikuona badiliko.

Usiku shemeji yangu anayefanya kazi huko alinipeleka Kabalagala, mtaa wa baa hapo Kampala. Kwa starehe sina la kulaumu: muchomo, yaani nyama choma, unachomwa kando ya barabara, rolex, chapati zenye mayai ndani, zinakunjwa mpaka usiku mwingi, muziki wa baa hii unaupokea wa baa ile, na mwendesha bodaboda mnaelewana naye kwa Kiswahili. Lakini kwenye baa moja mhudumu alituwekea mezani chupa ndogo isiyo na lebo, hatujaagiza. Eti mulondo ndani ya waragi, pombe kali ya Uganda, elfu kumi. Niliinusa, ikanuka pombe tu. Nikauliza nani kaitengeneza. "Boss, kunywa, nusu saa utaona."

Hiyo nusu saa ndiyo iliyonitisha. Mzizi wa kutafuna hauahidi hivyo. Mamlaka ya Dawa ya Uganda, NDA, imewahi kuonya kuhusu dawa za "asili" za nguvu za kiume zinazochanganywa kwa siri na sildenafili, ileile iliyomo kwenye Viagra. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiinywa, presha inaweza kushuka ghafla na kumuua, na pombe huongeza hatari hiyo. Uganda ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2019, lakini chupa isiyo na jina la mtengenezaji utamshitaki nani? Aliyeniagiza mulondo ni baba yangu mdogo, na yeye yuko kwenye dawa za moyo. Ningempelekea ile chupa, pale baa hakuna ambaye angemwuliza swali hata moja.

Kwa hiyo Owino naipa nyota tano, Kabalagala nne kwa nyama na muziki, na ile chupa haina hata moja. Nunua mzizi mzima. Ukishasagwa hujui kimechanganywa nini. Ukipata muuzaji mwenye mulondo wa shambani mwake, mpe yeye hela yako, kwa sababu ule wa msituni ukichimbwa mzizi mmea wote unakufa, na unazidi kuadimika. Fungu la baba mdogo nimelifikisha Bukoba, na tumekubaliana hatagusa mpaka daktari wa kliniki yake auone kwanza.