Ovaroli la mpira la kuvulia mito ya barafu, nimelivaa Luchelele miezi miwili

Haya wadau wa ndoano, kila nikishuka ziwani hapa Luchelele, Mwanza, naulizwa lile dude jeusi ni nini na nimelitoa wapi, naandika mara moja tumalizane. Ni mtumba wa soko la Mlango Mmoja, nimelikuta mwezi wa sita limetundikwa na makoti ya mvua, muuzaji mwenyewe hajui anauza nini, ananiambia eti ni la watu wa kuosha magari. Alianzia 70 nikamshusha mpaka 45 elfu.

Lenyewe ni ovaroli la mpira linafika kifuani, lina mikanda ya mabegani, na gambuti zimeunganishwa chini humohumo. Lebo ya ndani imeandikwa 5mm na kuna kapicha ka samaki ana madoadoa, trauti, yule samaki wa maji baridi. Kumbe huko linakotoka ni nguo ya wavuvi wa mito ya milimani kipindi cha baridi kali. Nimeangalia video zao mpaka bando likakata, theluji kila upande, jamaa kasimama mtoni maji ya kiuno, barafu inaganda kwenye vile vipete vya fimbo unapopita mshipi, anaibandua kwa kidole anaendelea! Maji yakiwa baridi vile trauti anakuwa mzito, hakimbizi chakula, anajibanza kwenye kina pale mkondo ulipotulia, kwa hiyo inabidi umpitishie chambo karibu kabisa na mdomo, taratibu, na usimame hapohapo masaa. Na wanaenda mchana, jua likipasha maji hata digrii moja tu ndo samaki anachangamka. Sisi huku saa sita mchana nani anavua, labda mwenye wazimu.

Sasa utasema Mwanza na baridi wapi na wapi, ziwa letu hata kipupwe hiki maji ni nyuzi 23, 24 hivi. Mi sikununua kwa ajili ya baridi bana, nilinunua kwa ajili ya kichocho. Vile vidonge vikubwa vichungu nimeshavimeza mara mbili na sitaki ya tatu, na ukitaka sato kwa fimbo bila mtumbwi lazima uingie maji ya magoti pembeni ya matete, ambako ndo konokono wa kichocho wanakaa, na vile vijidudu vinavyotoka kwenye konokono havisubiri uwe na kidonda, vinapenya ngozi nzima hivihivi. Ndani ya hii kitu miguu haigusi maji. Mikono bado inalowa, sijidanganyi, ila tofauti ipo.

Kilichonishangaza zaidi ni soli. Sio mpira, ni kama blanketi zito lililoshindiliwa, nikasema hapa nimepigwa, halafu nikapanda lile jiwe la utelezi ambalo mwaka jana lilinivunjia simu, aisee, nimesimama kama nimepigiliwa misumari. Mito yao imejaa mawe yenye ukungu wa kijani, na sisi mji wenyewe ni mawe, hapo wametutengenezea bila kujua. Ila soli hiyo inanyonya maji na kubeba vijidudu, New Zealand waliipiga marufuku 2008 kwa sababu ya mwani uliokuwa unahamishwa mto mmoja kwenda mwingine. Sisi tunaoishi na magugumaji tunaelewa uchungu wake. Kwa hiyo ukitoka hapa unaenda bwawa lingine, anika ikauke kwelikweli.

Mabaya sasa. Joto!! Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili unajiona mfalme, upepo wa kusi unapiga wenzio wanatetemeka, ikifika saa tatu jua la Sukumani linaingia kwenye ule mpira mweusi na wewe unaanza kuiva. Nimewahi kulivua nikakamua soksi kama nimeanguka ziwani. Halafu gambuti ni namba 46, mi navaa 42, natembea kama bata.

Na lilikuwa na tundu, siku ya kwanza tu goti la kushoto likalowa, maana yake hela yote ya kichocho imeenda bure. Nikaligeuza ndani nje usiku nikamulika kwa tochi, mwanga ukatokea kwenye mshono. Nikalipeleka kwa fundi pancha wa baiskeli hapo Nyegezi, akalizungukaa weee, akauliza "kaka, hii nayo naijaza upepo?" Akapiga msasa, solushen, kiraka cha tyubu, buku mbili. Mpaka leo halijavuja. Kwa hiyo mkiwa sokoni msione aibu, geuza ndani nje kagua mishono yote kabla hujatoa hela.

Mkanda wa kiunoni haukuwepo, nimefunga wa begi la zamani, na hilo sio urembo. Ukiteleza bila mkanda maji yanajaa miguuni, kujinyanyua inakuwa kazi kweli. Mi sivuki kiunoni, na siingii peke yangu, na sehemu wazee wakisema kuna mamba au kiboko siingii hata nikiwa nimevaa bati.

Kwa sasa naipa sita na nusu kwa kumi. Usiku nilikuwa nalianika kichwa chini miguu juu kwenye kamba ya nguo, wiki iliyopita mama wa nyumba ya pili katoka msalani kakutana nalo kwenye giza, yowe lake lilifika Malimbe. Saivi naanika dirishani kwangu. Yule muuzaji kanipigia juzi anasema kafungua belo kapata lingine, la kitambaa chembamba, namba 43, nimemwambia alifiche chini ya meza mpaka mwisho wa mwezi, sasa ole wake mtu aniwahi.