Nimepeleka kichwa changu kwa farasi, huku Mufindi

Mimi ni dereva wa semi, Dar–Tunduma mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo ukiniambia nikalipe hela nikakae na farasi na kaunsela ili kichwa kitulie nitakucheka, na shemeji nilimcheka kweli. Akanipa na stori ya mama wa Denmark, Lis Hartel, polio ilimlemaza miguu kuanzia magotini ila 1952 kwenye Olimpiki ya Helsinki akachukua medali ya fedha juu ya farasi. Nikamwambia shem, mimi miguu mizima, kilichoharibika kiko juu.

Maana tangu ile ajali ya mwezi wa pili pale mlima Kitonga, gari ya mbele yangu breki zimekataa, mimi ndo wa kwanza kufika, usingizi ulikata kabisa. Zile kona nikizikaribia mikono inatoka jasho mpaka usukani unateleza. Tajiri akanipumzisha. Hospitali nilienda, vidonge nilipewa na naendelea navyo, msije mkaacha dawa kwa ajili ya hii posti.

Sehemu yenyewe unashuka Mafinga, unachukua boda karibu lisaa kwenye vumbi la mipaini mpaka uanze kuona chai. Jina siliweki maana lawama ninazo, ziko huko chini. Nendeni na koti jamani, mimi nilienda mwezi wa saba na fulana ya Simba.

Kwanza mjue hupandi. Mimi nilishavaa buti kabisa, kaunsela, dada mmoja wa Kihehe mpole sana, akasema kaka leo utamshika tu, kama akikubali. Akikubali! Nimetoa elfu sitini halafu mnyama ndo aamue.

Nikapewa kamba nizunguke nae uwanjani, jike wa kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji. Nikavuta, kagoma. Nikavuta tena, masikio yakalala nyuma, akanigeuzia makalio. Mzee wa bandani anacheka, "mwanangu umekaza mabega kama unasukuma gari bovu." Dada akanielewesha kwamba farasi ni mnyama wa kuwindwa, anasoma mwili wako kabla hujafungua mdomo, na macho yako pembeni kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji na nyuma ya mkia. Hapo nikaelewa fasta, semi nayo ndo hivyo hivyo, ukikaa nyuma ya tela sikuoni hata nifunge vioo kumi. Kumbe muda wote nimesimama pale pale asiponiona halafu namvuta. Nikahamia begani kwake, nikalegeza kamba, akaja.

Sasa hapa ndo penyewe. Akanipa kile kipimo cha madaktari cha masikioni, nikakiweka nyuma ya kiwiko cha mguu wake wa mbele wa kushoto. Du. Unasubiri pigo la moyo mpaka unadhani umesimama, ndo linakuja lingine. Nilihesabu 36 kwa dakika, dada akasema akitulia huwa kati ya 28 na 44. Yangu tulipima ilikuwa 104. Nikabaki nimeegemea pale, harufu ya jasho lake na nyasi kavu, nasikiliza tu, na pumzi yangu ikaanza kushuka yenyewe. Mara akaanza kutafuna mdomo mtupu, kichwa kikashuka, akageuka akanipumulia puuu mgongoni. Nikalia. Mwanaume mzima na midevu yangu. Na hakuna aliyeniuliza nalia nini, ndo maana nikaanza kuongea, Kitonga yote, naiangalia shingo ya farasi sio mtu.

Lawama sasa. Walisema lisaa limoja na nusu, nikiwa katikati ya stori ikaja familia ya watalii wa kupanda, dada akaitwa, tukakata. Hiyo sio poa hata kidogo, ni kama fundi afungue injini, nati zote ziko chini, halafu aende kula. Siku hiyo nilirudi Mafinga vibaya kuliko nilivyokuja. Risiti pia mpaka uidai.

Nimesharudi mara mbili. Wiki iliyopita nimepita Kitonga na Fuso ya mshkaji, kushuka nilimwachia yeye, kupandisha nimeendesha mwenyewe. Ya nne nishalipia, ila nimewaambia kabisa, watalii waje mchana.