Huduma ya kutabiri tarehe ya albamu kwa nambari, Mtwara mjini: hesabu safi, tarehe isiyotegemeka

Katika stesheneri moja iliyo karibu na soko la Mtwara mjini hukaa mzee anayetoa huduma ya elimu ya nambari. Kwa muda mrefu wateja wake walikuwa watu wenye shughuli za ndoa, safari na majina ya watoto, lakini siku hizi wengi wanaomfuata ni vijana wanaotaka kuambiwa nyota wao wa muziki atatoa lini albamu inayofuata. Jibu la mdomo hulipiwa shilingi 5,000, na karatasi iliyoandikwa hesabu zote hulipiwa shilingi 10,000. Nilifika hapo pamoja na mpwa wangu na wenzake wa chuo, ambao walitaka tarehe ya albamu ya 13 ya Taylor Swift kwa sababu wanachangishana fedha za kukodi ukumbi, spika na vifurushi vya intaneti ili waisikilize pamoja usiku mmoja. Msimu wa korosho, wakulima wanapolipwa na harusi zikaanza kufuatana, kumbi za hapa hupanda bei na nyingine hushikwa mapema, kwa hiyo tarehe ambayo watu wa mji mwingine wangeiuliza kwa kujifurahisha tu, kwa vijana hawa inagusa mifuko yao.

Mapokezi yalikuwa ya heshima. Mpwa wangu alimwamkia shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Nitajie jina lake kamili alilopewa na wazazi wake, na siku aliyozaliwa." Kisha akafanya jambo ambalo watabiri wengi hawalifanyi: alieleza kila hatua kabla ya kuiandika. Herufi A inahesabiwa 1, B inahesabiwa 2, na kuendelea hadi I ambayo ni 9, halafu J inaanza tena na 1. Taylor likatoa 28, Alison likatoa 25 na Swift likatoa 23, jumla 76. Saba na sita ni 13, na moja na tatu ni 4. Siku ya kuzaliwa, tarehe 13 Desemba 1989, tarakimu zake zikijumlishwa zinafika 34, na hiyo inarudi kuwa 7. Ilipotokea 13 vijana walipiga makofi, kwa kuwa msanii huyo mwenyewe amesema mara nyingi kwamba 13 ni nambari yake ya bahati, na zamani alikuwa akiichora mkononi kabla ya kupanda jukwaani.

Kutokana na 4 na 7 mzee alitoa majibu matatu. La kwanza ni Ijumaa, tarehe 13 Novemba 2026, ambayo tarakimu zake zinafika 16, yaani 7. La pili ni tarehe 13 Desemba mwaka huohuo, kwa kuwa ni siku ya kuzaliwa. La tatu ni siku yoyote ya mwaka huo ambayo jumla yake ni 22, nambari inayohesabiwa kuwa kuu katika elimu hii na ambayo pia inarudi kuwa 4. Karatasi yake ni safi, mwandiko unasomeka, na sikuona kosa lolote la kujumlisha. Nasisitiza hilo kwa sababu mteja anayepewa hesabu iliyo wazi anaweza kuikagua, nami nilipofika nyumbani niliikagua kwa makini.

Nilichukua albamu 12 za studio alizokwisha kutoa, bila kuhesabu zile alizozirekodi upya, nikajumlisha tarakimu za kila tarehe kwa kanuni ileile ya mzee. Albamu ya kwanza, ya tarehe 24 Oktoba 2006, inatoa 6. Fearless ya tarehe 11 Novemba 2008 inatoa 5. Speak Now ya mwaka 2010 inatoa 11, ambayo ni 2. Red ya mwaka 2012 inatoa 1. Albamu iitwayo 1989, iliyotoka tarehe 27 Oktoba 2014, inatoa 8. Reputation ya tarehe 10 Novemba 2017 inatoa 13, yaani 4, na Lover ya tarehe 23 Agosti 2019 inatoa 7. Folklore na Evermore, zote za mwaka 2020, zinatoa 8 na 9. Midnights ya tarehe 21 Oktoba 2022 inatoa 1, The Tortured Poets Department ya tarehe 19 Aprili 2024 inatoa 22, na The Life of a Showgirl ya tarehe 3 Oktoba 2025 inatoa 13 kamili.

Mtu anayeipenda elimu hii atazishika hizo 13 mbili na 22 moja, na lazima nikiri kwamba zinavutia macho. Hata hivyo, nambari zote kuanzia 1 hadi 9 zimekwisha kutokea katika orodha hiyo, isipokuwa 3 peke yake. Nambari mbili za mzee, 4 na 7, zimetokea mara nne kati ya 12. Mtu anayechagua nambari mbili zozote kati ya tisa, bila kujua chochote kuhusu muziki, atarajie kupata mara mbili au tatu, na tofauti hiyo ni ndogo mno kumfanya mtu alipie ukumbi. Nilipomrudia mzee na zile tarehe nane zilizobaki, alikuwa na maelezo kwa kila moja: 1 ni mwanzo mpya, 8 ni mali, 9 ni kukamilika kwa jambo, 11 ni nambari kuu. Kanuni inayoweza kuzieleza tarehe zote baada ya kupita haiwezi kumwambia mtu ni ipi ya kushika kabla haijafika. Hata jibu lake la pili liko nje ya kanuni yake mwenyewe, kwa sababu 13 Desemba 2026 inatoa 17, yaani 8, na zaidi ya hayo ni Jumapili.

Hiyo Jumapili ndiyo iliyonipa shaka kubwa kuliko yote. Tangu tarehe 10 Julai 2015 kampuni za muziki duniani zilikubaliana kutoa albamu mpya siku ya Ijumaa, badala ya utaratibu wa zamani ambapo Marekani ilitoa Jumanne na Uingereza Jumatatu. Albamu zote saba alizotoa Taylor Swift baada ya makubaliano hayo, kuanzia Reputation hadi The Life of a Showgirl, zilitoka Ijumaa, bila hata moja kukosa. Kalenda ya ukutani inayoonyesha Ijumaa tu inazipata saba kati ya saba, na haiuzwi shilingi 10,000. Tena, albamu sita kati ya 12 zilitoka mwezi Oktoba, kabla ya manunuzi ya mwisho wa mwaka, na hilo ni jambo la biashara ambalo halihitaji jina la mama wala la baba.

Kuna suala jingine ambalo wazee wetu wanaojua abjadi wangelitambua mara moja. Katika hesabu ile kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, kuanzia alifu ambayo ni 1 hadi ghaini ambayo ni 1,000, na jina la kigeni linaweza kuandikwa kwa njia zaidi ya moja. Taylor Swift likiandikwa kwa alifu baada ya te, jumla ni 1,203, yaani 6. Alifu ikiachwa, jumla ni 1,202, yaani 5. Hata kwa herufi za Kilatini, ukiliacha jina la Alison, ile 4 inageuka kuwa 6. Ukiingiza na kalenda, mambo yanazidi kutawanyika, kwani tarehe 3 Oktoba 2025 iliangukia mfungo saba wa mwaka 1447 wa kalenda ya Kiislamu, na tarakimu za huko ni nyingine kabisa. Nilimuuliza mzee kwa adabu ni kalenda ipi inayomtawala msanii aliyezaliwa Pennsylvania, akajibu kwamba ni ya kwao. Jibu hilo nalikubali, ingawa huduma ingekuwa na uzito zaidi kama lingeandikwa kwenye karatasi kabla ya kuulizwa.

Nisieleweke kwamba nambari hazina nafasi katika jambo hili. Msanii huyu hucheza nazo kwa makusudi, na mashabiki wake wanafanya vizuri kuzifuatilia. Tarehe 4 Februari 2024 alipopokea tuzo yake ya 13 ya Grammy, aliitaja nambari hiyo kuwa ya bahati kwake, na palepale jukwaani akatangaza albamu ya Aprili. Albamu yake ya 12 aliitangaza tarehe 12 Agosti 2025, saa ya huko ikisoma 12:12 usiku, ambapo hapa Mtwara ilikuwa saa moja na dakika 12 asubuhi. Evermore ilitoka siku mbili kabla ya kutimiza miaka 31, na mwenyewe alisema kwamba hiyo ni 13 iliyogeuzwa. Hapo nambari zinafanya kazi kwa sababu kuna mtu aliyezipanga ili zisomwe, na anayestahili kusikilizwa ni yeye, kupitia matangazo yake, kuliko herufi za cheti chake cha kuzaliwa.

Mzee aliniambia kwamba wengi wa wateja wake vijana huuliza habari za Harmonize, jambo lisiloshangaza kwa kuwa ni mzaliwa wa mkoa wetu. Huyo alitoa Afro East mwaka 2020, High School mwaka 2021, Made for Us mwaka 2022 na Visit Bongo mwaka 2023. Katika miaka ile, mtu aliyesema "mwakani" alipatia bila kujumlisha herufi hata moja. Diamond Platnumz, kwa upande wake, alikaa miaka sita kati ya Lala Salama ya mwaka 2012 na A Boy from Tandale ya mwaka 2018. Mwenendo wa kazi wa kila msanii una habari nyingi, na unasomwa bure.

Kwa vijana wanaopanga ukumbi, kipimo chenye manufaa ni muda kati ya tangazo na albamu. Midnights ilitangazwa siku 54 kabla, The Tortured Poets Department siku 75, na The Life of a Showgirl siku 52, muda unaotosha kuchangishana na kutafuta ukumbi hata msimu wa korosho. Folklore na Evermore zilitangazwa chini ya siku moja kabla, na kwa albamu ya namna hiyo ni bora kujikusanya nyumbani kwa mtu. Mpwa wangu na wenzake walikuwa tayari kutoa malipo ya awali kwa ajili ya tarehe 13 Novemba. Niliwashauri wasubiri, nao wamezungumza na mwenye ukumbi, aliyekubali kupokea fedha baada ya tangazo kutoka.

Kwa nyota tano, naipa huduma hii mbili. Moja ni ya uwazi wa hesabu na moja ni ya adabu ya mzee, ambaye hakumharakisha mtu wala kumwongezea bei. Kama angeandika tarehe moja badala ya tatu, akataja mapema mfumo wa herufi na kalenda anayoitumia, akaondoa siku zisizo Ijumaa, na akakubali kurudisha nusu ya malipo tarehe ikipita bila albamu, ningeongeza nyota ya tatu. Kwa sasa, anayependa kuona jina la msanii wake likichambuliwa kwa mkono hodari alipie shilingi 5,000 asikilize. Karatasi ya shilingi 10,000 haimwongezei kitu cha kumpelekea mwenye ukumbi.