Darasa la Kichina Kisumu: kwa lugha lipa, kwa udaktari ngoja kwanza

Bango la darasa hili liko kwenye nguzo za stima kuanzia Kondele mpaka Jubilee: "Soma Kichina, uwe daktari wa tiba ya China." Mimi ni mtu wa fiziotherapia, kutwa nashughulika na migongo ya watu, na tiba ya sindano, ile ya Kichina ya kuchomeka sindano nyembamba mwilini, imenivutia tangu chuoni. Nikajiandikisha masomo ya jioni.

Kwa upande wa lugha, kazi wanaijua. Mwalimu wetu, dada mmoja aliyesomea China, alianza na toni nne, yaani mipando na mishuko ya sauti inayobadili maana ya neno, hata kabla hatujafungua kitabu. Sisi Wajaluo tulizishika upesi, maana Dholuo nacho kina toni. Aliyetaabika ni kijana wa Mombasa aliyekulia Kiswahili kitupu. Maandishi nayo anayafundisha kwa mafungu. Alichora alama moja ya kukaa juu na kushoto, akasema ukiiona hii, jua kuna ugonjwa. Akaijazia: 病, ugonjwa, 痛, maumivu, 疟, malaria. Hapo kwenye malaria akamleta Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, ambayo ndiyo chimbuko la dawa iliyomo kwenye vidonge vya AL tunavyomeza huku kila mvua zikinyesha. Mama huyo alisomea famasia kwanza, ndipo akapelekwa kusomea tiba ya jadi kwa miaka miwili na nusu. Kwa sisi tulio tayari kwenye afya, njia hiyo inaeleweka.

Shida iko ofisini. Wanauza "kifurushi cha udaktari" kwa Sh15,000 juu ya karo, na ukikifungua ni kitini chembamba cha pointi za sindano: hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada, zusanli, vidole vinne chini ya goti, nje kidogo ya muundi. Hayo utayapata mtandaoni bila kulipa. Karani akanihakikishia kwamba nikimaliza HSK 2, yaani kiwango cha pili cha mtihani wa Kichina kwa wageni, watanitafutia chuo. HSK 2, kwa ule mpangilio wa viwango sita, ni maneno 300! Shahada ya tiba ya jadi kule China ni miaka mitano, na vyuo vingi vinavyofundisha kwa Kichina hutaka HSK 4, yaani maneno 1,200. Hata hayo hayatakufikisha mbali ukikabidhiwa Huangdi Neijing, andiko la tiba ya jadi la takriban miaka 2,000, lenye Kichina cha kale ambacho Wachina wenyewe hukisoma kwa msaada wa maelezo. Nilipouliza kuhusu kusajiliwa nikirudi Kenya, karani akanipa kipeperushi kingine. Mimi nitakwenda kuuliza baraza letu la fiziotherapia. Wewe uliza Wizara ya Afya kabla hujauza ng'ombe.

Karo ya lugha pekee ni Sh9,000 kwa kiwango, na wanakubali kulipwa kidogo kidogo. Nimeshalipia kiwango kinachofuata, ila nimehamia Jumamosi asubuhi, kwa sababu jioni stima ikipotea jenereta ya kinyozi wa chini huwashwa na mazoezi ya kusikiliza yanakufa. Kifurushi nilikikataa, na hawakuninunia. Mlio Nakuru, kabla ya kupanda matatu kuja huku, ulizieni Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, pale Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro.